Gari Lisilokunywa Mafuta

Kijiti cha kupimia oili kilimuunguza vidole. Mambo yalianzia hapo, kwa jambo dogo la namna hiyo.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, ile baridi ya mlimani inayomfanya jogoo awike nusunusu na kurudi bandani. Fundi alikuwa amefungua boneti ya pikapu kama alivyofanya kila siku kabla ya chai: kupima oili, kutazama maji, kupapasa mikanda isije ikawa imelegea. Akachomoa kijiti, akakitupa papo hapo. Kikaangukia majani mabichi, kikatoa sauti ya kitu kinachokaangwa.

"Lo!" Akanyonya vidole. Vilikuwa na ladha ya nywele zilizoungua.

Gari halikuwashwa tangu juzi. Isitoshe, betri ilikuwa ndani ya nyumba, chini ya meza ya jikoni, kwa sababu baridi ya huko juu huua betri kama kideri kinavyoua kuku.

"Nani amewasha gari?" akauliza alipoingia ndani.

Mumewe akatikisa kichwa. Mama mkwe, aliyekuwa akichochea moto, akacheka. "Labda beberu. Siku hizi amekuwa na kiburi, huenda ameanza kujifunza udereva."

Wakacheka wote, lakini Fundi hakucheka mpaka mwisho.

Kila mtu alimwita Fundi, mumewe akiwemo. Miaka mingi alikuwa chini ya malori ya watu huko mjini, mgongo kwenye saruji, mpaka siku moja akatoka uvunguni akasema inatosha, anataka kuishi mahali ambapo chakula chake anakipanda mwenyewe na kelele anazozisikia ni za kwake. Mumewe, mtu wa nyuki na mbao, alijibu "haya," na kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba. Jina lake la Kimya alipewa na mama yake mzazi, yule mama mkwe.

"Huyu alizaliwa bila kulia," mama mkwe alipenda kusimulia. "Amelala tu kama kipande cha mti, mkunga ameshakata tamaa. Nikamnyang'anya, nikamzaba kofi la nguvu. Akapumua! Ila hajanisamehe, ndiyo maana hasemi na watu."

Basi walikuwa watatu huko juu, na viazi vyao, kabichi, mbuzi, mizinga ya nyuki, bomba la maji kutoka chemchemi na sola mbili juu ya paa. Kilichowaunganisha na dunia kilikuwa ile pikapu ya dizeli. Fundi aliinunua ikiwa mzoga, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, akaifungua mpaka nati ya mwisho na kuifufua. Ilipandisha mbolea na mbegu, ikashusha viazi na asali, na mtu yeyote wa mlimani akizidiwa na ugonjwa au uchungu wa kuzaa, ndiyo iliyomfikisha hospitali bondeni. Hapakuwa na gari jingine huko juu.

Siku chache kabla ya kile kijiti, walikuwa wamepasua mwamba uliobana njia kwenye kona ya juu. Kimya alikoka moto juu yake kutwa nzima, jioni wakaumwagia maji baridi, ukapasuka kwa mlio uliowafanya mbuzi wakimbie. Ndani ya ufa ukatoka mvuke mzito, ukapita chini chini kama mtu anayetembea ameinama, ukaelekea pikapu iliposimama. Kimya aliyekuwa karibu alikohoa mara kadhaa. Hawakuwaza lolote. Mvuke ni mvuke.

Baada ya vidole kuungua, Fundi alianza kutazama kwa makini. Aligundua jambo la pili mwenyewe, akiwa anarudi kutoka sokoni na ule mlima wote wa kupanda: mshale wa mafuta haukushuka. Alidhani umekwama. Akatumbukiza ufito ndani ya tangi kupima, akakuta mafuta yamesimama palepale yalipokuwa alfajiri. Akashuka tena na tena wiki ile, akapandisha mbolea, akapandisha mabati ya banda. Dizeli haikupungua hata kijiko.

Mama mkwe akainua mikono juu. "Mungu ametuona! Gari lisilokunywa mafuta! Sasa unanuna nini, mkwe wangu? Mtu akipewa ng'ombe asiyekula majani analia?"

"Mama," Fundi akasema, "kitu kisichokula kwako kinakula kwingine."

Na alipoinua macho akamwona mumewe akipita na ndoo ya maji, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi shati lilivyokuwa likimning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari.

Kimya alikuwa akikonda. Mezani alikula, tena alikula vizuri, lakini mashavu yalizama na mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya. Mikono yake, iliyokuwa baridi siku zote, sasa ilikuwa ya moto. Alipomgusa mkewe begani, Fundi alishtuka kana kwamba amewekewa pasi. "Una homa," akamwambia. "Sina," Kimya akajibu. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa lake kabisa: akaendelea kuongea. Alisema anajisikia vizuri sana, hajawahi kusikia joto zuri hivi maishani mwake, na huku akiongea alikuwa akitazama dirishani, kwenye pikapu.

Ukungu ulishuka siku ya pili yake, ule ukungu mzito wa mchana unaomeza mti ulio mbele yako. Fundi alikuwa shambani akipalilia viazi aliposikia kicheko. Kilikuwa kicheko cha mwanamume, kirefu, cha mtu anayesimuliwa kisa kitamu. Na kwa kuwa katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mumewe akicheka hivyo, alichukua muda kukitambua. Akaliokota jembe lake lililokuwa limeanguka bila yeye kujua, akalishika vizuri, akatembea kuelekea uani akijiongoza kwa masikio, maana macho hayakuwa na kazi. Na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyosikia kwamba chini ya kicheko kulikuwa na sauti nyingine, nzito, yenye mapigo, tuk-tuk-tuk-tuk, sauti anayoijua kuliko sauti ya mama yake, sauti ya injini yake ikiwa imetulia, ilhali betri aliiacha chini ya meza na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Vioo vya pikapu vilikuwa vimejaa mvuke kwa ndani. Kimya alikuwa amekaa kwenye usukani, anaongea, ananyamaza kusikiliza, anaongea tena. Kwenye kioo cha upande wa abiria, mahali ambapo hapakuwa na mtu, palikuwa na alama ya kiganja kilichofuta mvuke. Vidole vya kiganja kile vilikuwa virefu kutoka chini ya kioo mpaka juu.

Fundi akavuta mlango. Joto likampiga usoni kama la tanuri, pamoja na harufu ya nywele zinazoungua iliyochanganyika na kitu kitamu, kama marashi yaliyomwagwa juu ya mzoga. Injini ikazima yenyewe.

"Unaongea na nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kimya akageuka polepole, anatabasamu. "Humu ndani kuna joto, Fundi. Funga mlango. Analalamika baridi."

Akamshika ukosi, akamtoa. Alikuwa mwepesi kama gunia la makapi.

Tangu siku hiyo wanawake wale wawili hawakuongea kwa sauti ndani ya nyumba yao wenyewe. Walinong'ona jikoni, maji yakichemka ili kufunika maneno. Na asubuhi moja mama mkwe alirudi kutoka uani, akaweka chini ndoo ya maziwa na kuomba maji ya kunywa kwanza.

"Nimemkuta mwanangu garini, boneti iko wazi," akanong'ona. "Kijiti cha oili kiko mdomoni mwake. Analamba, mkwe wangu. Analamba kama mtoto anayelamba asali. Nimemwita, akanitazama, wala hakuacha."

"Amekujibu?" Fundi akauliza.

"Amenijibu. Lakini si yeye."

Wakatuma neno kwa mganga wa bondeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na begi la shule mgongoni. Pikipiki iliyomleta iligoma kupita kona ya juu, ikazima na kukataa kuwaka, naye akapanda sehemu iliyobaki kwa miguu, akafika akihema na kulaani. Fundi akamwamkia. Mganga akaitika huku macho yake yako kwenye pikapu. Kimya alikuwa tayari ndani yake, mlango umejifunga.

"Mlivunja mwamba?" Mganga akauliza.

"Tulivunja."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa moto na maji."

Mganga akashusha pumzi. "Majini ni watu wa moto, binti yangu. Huyu wenu alikuwa amelala mwambani, moto wake umefifia, hana habari na mtu. Mumeo akamkokea kuni juu ya kichwa."

Akaizunguka pikapu akisoma kwa sauti ya chini, akifukiza vitu vyake, moshi ukikataa kwenda juu na kujikunja chini ya magurudumu. Alipofika nyuma, bomba la moshi likatoa pumzi moja nzito. Kisha Kimya akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuja kwa pande mbili mara moja, kwenye koo lake na chini ya boneti, mapigo yake sawasawa na mapigo ya injini.

"Nililala. Mkaniamsha. Sasa ninyi ni kuni zangu."

Mama mkwe akamshika Fundi mkono.

"Unataka nini?" Mganga akauliza.

"Dereva. Nimekaa jiweni vya kutosha. Nataka kutembea. Huyu akiisha, nitampata mwingine. Kuna watu wengi barabarani, na wote hupunga mkono gari hili likipita."

Fundi akawaona wote kwa mara moja, wale wanaopunga mkono. Mama mjamzito wa ng'ambo ya kijito. Mzee wa pumu. Akaona mlango ukifunguka, wakipanda, wakisema asante. Woga wake haukwisha, lakini chini yake kukaota kitu kingine, kigumu na chenye joto lake mwenyewe.

"Dereva wa gari hili ni mimi," akasema. "Na abiria hupanda nikimruhusu. Wewe sikukuruhusu."

Injini ikacheka. Hakuna neno lingine la kusema. Ilipandisha na kushusha mlio kwa namna ambayo chuma hakitakiwi kuweza.

Mganga alisoma tena mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akamvuta Fundi kando, miwani imeingia moshi. "Nisikilize. Mwachie gari. Lisukumeni korongoni, litiwe moto, atatosheka nalo. Sijui njia nyingine."

"Na mume wangu je, aliyemo ndani?"

Mganga akaanza kufunga begi lake.

"Haya," Fundi akasema, akifunga kitambaa kichwani. "Gari hili nimelifungua mpaka nati ya mwisho. Hakuna chumba humo nisichokijua. Yeye ni mgeni, mimi ni mwenye nyumba. Umesema ni mtu wa moto?"

"Ndiyo, wa moto."

"Moto bila hewa unakuwaje?"

Mganga akamtazama. Polepole akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jaribu," akasema. "Lakini ujue, pumzi yake na ya mumeo sasa ni moja. Ukimkaba huyu, umemkaba na yule."

"Basi awepo wa kumpa mume wangu pumzi yake mwenyewe." Fundi akamgeukia mama mkwe. "Mama, chukua jembe. Nikipiga kelele, vunja kioo umtoe mwanao. Usiogope vigae."

"Mimi niogope vigae?" mama mkwe akasema, akalishika jembe kwa mikono miwili.

Fundi akafungua boneti. Joto likamrudisha nyuma hatua moja, akairudia hatua yake. Kwanza akashika spana na kulegeza bomba la dizeli linaloingia kwenye pampu; mafuta yakamwagika ardhini mpaka yakaisha, na injini yoyote duniani ingekufa hapo. Hii ikazidi. Mlio ukapanda, ukapanda tena, pikapu ikaanza kuruka juu ya springi zake na mawe yaliyozuia magurudumu yakasagika, na kutoka ndani ya mngurumo ule sauti zikaanza kumjia moja baada ya nyingine, ya mumewe ikimbembeleza, ya baba yake aliyezikwa zamani ikimuuliza kwa nini alikimbia mjini, na nyingine ndogo, ya mtoto ambaye hajawahi kumzaa, ikimwita mama, mama, nasikia baridi, usinifungie nje, huku yeye akilegeza kwa vidole vilivyokuwa vikibabuka ule mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini, akiuvuta, akiukata kwa kisu ulipokataa, mpaka likabaki tundu jeusi tupu, kubwa kama mdomo wa kikombe, likivuta ukungu wote wa mlima kwa kiu.

"Kibao!" akapiga kelele.

Mganga ndiye aliyekimbilia jikoni. Akarudi na kibao cha kukatia mboga, kizito, cha mbao ya zamani, akampa, kisha akasimama ubavuni pake akaanza kusoma upya kwa ile sauti iliyokauka. Fundi akakibandika kwenye tundu.

Kikanyonywa mpaka kikalia. Mbao ikapinda. Mlio ukakatika, ukarudi, ukakatika.

"Fundi!" Sasa ilikuwa sauti ya Kimya kabisa, ya kweli, ya kitandani na ya mezani. "Fundi, sipumui! Mke wangu, ondoa mkono!"

Mkono ukataka kuondoka. Alisimulia baadaye kwamba hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko moto: mkono wake mwenyewe ukiitii sauti ile.

"Mama, sasa!"

Jembe likapita kwenye kioo. Mama mkwe akaingiza mikono yote miwili, akamkamata mwanawe kwapani na kumburuta nje kama anavyoburutwa ndama tumboni mwa ng'ombe. Kimya alikuwa wa buluu. Macho yamepinduka. Kifua hakipandi.

"Hapumui!" mganga akasema.

"Hata siku ile hakupumua!" mama mkwe akafoka, akamlaza majanini na kumzaba kofi lililosikika juu ya injini. "Mimi ndiye niliyekupa pumzi, si hilo dude! Pumua ya kwako! Ya kwako, nasema!" Akamzaba jingine.

Kimya akavuta pumzi kwa mlio wa mlango wenye kutu. Kisha mtu yule ambaye hakulia siku ya kuzaliwa akalia, kwa sauti kubwa, kinywa wazi, kama mtoto mchanga.

Fundi akaweka kifua chake chote juu ya kibao. "Umesikia?" akauambia ule mdomo mweusi. "Huyo amepata hewa yake. Wewe huna. Toka."

Injini ikatetemeka kwa nguvu iliyoangusha spana zote kutoka kwenye bampa. Ikapiga pigo moja zito. Lile dude likatoka kupitia bomba la nyuma, halikuonekana, lakini walilisikia likipita na kuona lilipopita: majani yakikauka kwa mstari mmoja hadi ukingo wa korongo, tuta zima la viazi likinyauka, na ukungu ukifunguka kulipisha. Kisha pakatulia. Matone ya maji tu, kutoka kwenye paa.

Mganga alilala kwao siku ile, mikono ya Fundi ikiwa imepakwa asali na kufungwa vitambaa. Walipokuwa wakila akasema, "Ametoka garini. Mlimani hajatoka. Mlima ulikuwa wake kabla hatujazaliwa."

"Basi tumekuwa majirani," Fundi akasema.

"Wenzako wangehama."

"Wenzangu hawana viazi ardhini. Na nikihama, nani atamshusha yule mama wa ng'ambo akishikwa na uchungu?"

Kimya alikuwa pembeni ya moto, amejifunika blanketi, anakula viazi bila kupumzika. "Hatuhami," akasema. Halafu hakusema kitu tena mpaka kesho yake, na wote wakashukuru.

Mikono ilipopona kidogo, Fundi akalirudia gari. Alimwaga oili yote, nyeusi na yenye uvundo. Akaosha kila alichoweza kuosha, akabadili filta, akafunga mpira mpya wa hewa na kuweka nailoni nene dirishani mahali pa kioo. Akamimina tangini dizeli ya akiba, na alipokwisha kutoa upepo kwenye mabomba yake, akaleta betri, akakaa kwenye usukani. Akazungusha ufunguo. Likakohoa, likagoma, likakohoa tena, kisha likawaka na kutoa moshi mweusi wa kawaida, wa aibu, wa gari zee. Jioni hiyo, baada ya kushuka nalo sokoni na kupanda tena, alitumbukiza ufito tangini. Mafuta yalikuwa yamepungua sana.

"Linakunywa kama mlevi!" akatangaza uani, na mama mkwe akapiga vigelegele.

Wiki hiyohiyo walimshusha mama wa ng'ambo, akajifungua salama.

Kisha ukaja msimu wa baridi ya kweli, ule ambao umande huganda na kuwa mweupe juu ya kila kitu. Asubuhi ya kwanza Fundi alipofungua mlango, uwanja wote ulikuwa mweupe isipokuwa mahali pamoja, hatua chache kutoka pikapu. Hapo majani yalikuwa mabichi, yenye unyevunyevu, yanatoa mvuke. Palikuwa na upana wa mtu aliyeketi na kukunja miguu.

Mama mkwe akaja, akasimama nyuma yake. "Uuuh," akanong'ona. "Amerudi. Tumwite mganga?"

Fundi alitazama kwa muda mrefu. Pale mahali palikuwa nje ya gari. Palikuwa nje ya mlango. Kilichoketi pale kilikuwa kimeketi usiku kucha, kinatazama, na hakikusogea karibu zaidi.

"Hapana, Mama," akasema. "Mwache abaki nje."

Akarudi ndani, akajimiminia chai. Akavua viatu mlangoni, akavuka uwanja mweupe pekupeku, kikombe mkononi, meno yakimgongana, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile duara la majani mabichi na kusimama katikati yake. Palikuwa na joto zuri. Akaanza kunywa chai yake bila haraka, uso umeelekea mlimani, jua likichomoza.

Na chini ya nyayo zake, kitu kikasogea kidogo, kikampisha.